Kapita wa Baiskeli za Kabambare

Mimi nauza vipuri vya baiskeli katika soko la Kasongo, na mtu wa biashara yangu anamwomba Mungu jambo moja tu: vitu vivunjike. Spoki zikatike, tairi zipasuke, minyororo ilegee. Barabara ya Kabambare imenisaidia sana katika maombi hayo. Sasa fikiria nilivyomtazama mtu aliyepita barabara hiyo miaka na miaka, mzigo wake umemzidi kimo, bila kununua kwangu chochote isipokuwa vipande vya mpira wa ndani uliokwisha kazi. Kwa haki ningemchukia. Badala yake nilimstaajabia, na bado ninamstaajabia, kuliko nilivyowahi kumstaajabia mkubwa yeyote aliyewahi kuja mjini kwetu na gari lenye bendera.

Tulimwita Kapita, yaani mwongoza kazi. Aliongoza msafara wa wasukumaji, wale wanaotoka Kasongo na chumvi, sabuni na vitenge kwenda Kabambare, wakati mwingine mpaka Salamabila kwa wachimba dhahabu, na kurudi na mchele, karanga na mafuta ya mawese. Wasukumaji hawapandi baiskeli, au velo kama wanavyoiita wenyewe. Wanaibebesha mizigo mpaka isionekane, kisha wanatembea ubavuni mwake, mkono mmoja kwenye fimbo iliyofungwa kwenye usukani, mwingine kwenye fimbo iliyosimama nyuma ya kiti. Kuhusu alikozaliwa Kapita na watu wa ukoo wake, waulizwe wanaopenda habari za koo. Mimi nilimjua kwa magurudumu yake.

Binti yake anauza mchele karibu na meza yangu. Siku moja mvua zilipokuwa zinakaribia alikuja akaketi kwenye kibao changu, hakuugusa hata mchele wa mteja aliyekuwa anamngoja.

"Dada, nakuomba kitu," akaniambia. "Papa akija, usimuuzie. Hata kipande ya mupira, hapana. Velo ikikosa dawa itakufa, na yeye atakaa nyumbani."

"Ataenda kwa mwingine."

"Nimeisha ambia wote. Umebakia weye." Akajifuta uso kwa pembe ya kitenge. "Ile mulima itamuua, dada. Sasa anashuka peke yake."

Nilitaka kumtania kwamba ananikataza kumuuzia mtu asiyenunua. Nilipoona macho yake nikaacha utani. Mlima aliousema wasukumaji wanauita Mvunja-Uma, kwa sababu uma wa mbele, ule unaoshika gurudumu, ndio unaovunjika hapo kwanza, na ukivunjika mzigo wote unamlalia mtu. Nikamwambia binti anipe siku chache. Kumnyima mzee barabara yake si jambo la kujibu huku unahesabu spoki. Siku hizo nilimkumbuka Kapita kutoka pande zote, na haya ndiyo niliyoyakumbuka.

Ukimletea baiskeli mpya, kwanza aliivua nguo. Kengele, taa, vizuia-matope, mnyororo, pedali, vyote vilitoka. Aliviita mapambo ya arusi. Pedali alizichukia kuliko vyote, maana zinampiga msukumaji kwenye muundi wa mguu siku nzima. Mwenye baiskeli alikuwa anasimama hapo anatazama urithi wake unavyopungua, mpaka anauliza kwa hasira, "Sasa imebakia nini, Kapita?"

"Imebakia velo," anajibu.

Halafu aliibebesha mchanga. Mchanga wenyewe ulikuwa wa mtoni, tena uliolowa, magunia yamefungwa kila upande, na akaizungusha kwenye uwanja wa mpira wa shule, mahali penye mashimo, yeye nyuma ameinamisha kichwa anasikiliza. Baiskeli mpya inalia kila mahali, hiyo ni kawaida. Alichokuwa anakitafuta ni mlio unaorudi mahali pale pale. Akimaliza anafungua magunia, anachuchumaa mbele ya uma, anafumba jicho moja. Ndipo hukumu inatoka: "Hii itakufa ku shingo." Au: "Hii iko na moyo." Zile za kufa shingo waliuziwa watu wa kwenda misa na kurudi, nao wanazipanda hadi leo, Mungu awabariki. Zile zenye moyo zilipelekwa Kabambare.

Fundi wa kuchomelea ana kibanda nyuma yangu, na yeye alikuwa na shauri lake: uma uongezewe nondo mbili, zichomelewe, mambo yaishe. Kapita hakukubali. Nondo alizitaka, lakini zifungwe kwa mpira, vipande virefu vya mpira wa ndani vilivyovutwa mpaka vinapiga kelele, duru juu ya duru. "Chuma ya kuchomea iko na kiburi," alisema. "Inakataa kupinda, halafu inakatika mara moja. Mupira inapinda na weye, inarudia na weye." Fundi alinuna. Akasema nondo za mpira ni kazi ya watu wa porini. Ukweli ni kwamba kuna zilizochomelewa zilizodumu na kuna zilizofungwa zilizokatika. Lakini baiskeli ya Kapita mwenyewe ilikuwa na kadre, yaani fremu, ambayo rangi yake hakuna aliyeikumbuka, imefungwa mpira mpaka imenenepa, na niliiona ikirudi kutoka Kabambare msimu baada ya msimu wakati baiskeli za rika lake zilikwisha kuwa vitanda vya kuku.

Msidhani hakukosea. Aliwahi kuisifu baiskeli moja nzito ya mfanyabiashara wa chumvi, akaiita dume, akasema ina moyo kuliko nyingine zote. Ikakatika kadre kabla hata ya kutoka mjini, mahali pasipo jiwe, mbele ya shule ya mapadri, na mvua ikanyesha juu ya chumvi. Tulikimbilia huko. Tulimkuta Kapita ameketi matopeni kando ya ile chumvi inayoyeyuka, anacheka mpaka machozi. Akamwita mwenye mali mbele ya watu wote, akamwambia, "Kosa iko ya macho yangu. Hapana ya velo." Safari iliyofuata aliacha bidhaa zake nyumbani, akasukuma chumvi ya yule mtu tu.

Sasa Mvunja-Uma. Niliushuka mara moja nyuma yake, nikienda Kabambare kwenye matanga ya dada yangu, na ningeulizwa nieleze maana ya neno hofu, ningeeleza mlima huo. Ni udongo mwekundu na mawe yaliyolegea, katikati maji ya mvua yamechimba mfereji unaoweza kumeza mbuzi. Juu, msafara ulisimama. Wanaume walivua kandambili. Kila mmoja alikata tawi bichi lenye majani mengi, akalifunga nyuma ya baiskeli yake liburuzike, ndiyo breki yao.  Kapita akatangulia.

Nilikuwa nimesimama pembeni na nikamwona vizuri. Mtu mwembamba, mzee tayari, anajilaza nyuma kabisa kama anayevuta ng'ombe, na ule mzigo unamvuta mbele. Baiskeli ilikuwa inaruka kutoka jiwe hadi jiwe. Nilitegemea aizuie, na wengine wote baada yake waliizuia. Yeye aliiacha iruke. Alilegeza mkono, ikaruka, ikatua, ndipo akaikaza, tena akailegeza, na muda wote anazungumza nayo: "Pole, bibi. Pole. Hapo. Aksanti." Vumbi likamfunika. Kwa kitambo tukabaki tunasikia ile "aksanti, aksanti" ikishuka peke yake. Vumbi lilipotua alikuwa chini, ameinama ameweka kiganja juu ya uma, vile mama anavyopima homa ya mtoto. Kisha akaupanda mlima tena kwa mikono na miguu, akashusha baiskeli ya mwenzake aliyekuwa amebaki juu. Nililia, na siyo kwa ajili ya dada yangu. Nililia kwa sababu nilikuwa sijui kwamba mwili wa binadamu unaweza hayo.

Chini ya mlima huo ndipo nilipojifunza sheria yao. Baiskeli ya kijana mmoja ilikatika uma siku hiyo. Yeye mwenyewe alichubuka tu, namshukuru Mungu. Nikadhani wataisukumia porini. Wakagawana mzigo wake, kila mmoja akaongeza kidogo juu ya wake bila kununa, na ile baiskeli iliyovunjika ikafungwa juu kabisa ya mzigo wa Kapita, magurudumu yanatazama mbingu. Kapita ndiye anayebeba iliyokufa, sikuzote. "Velo haiachwe mu njia," kijana mmoja alinieleza, kama anayemfundisha mgeni kula. Wahenga wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Siku hiyo niliona watu wanaoubeba mzigo wa mwenzao na kuujua uzito wake.

Nicheke kidogo sasa, maana mtu huyu alikuwa na vituko. Cha kwanza: hakujua kupanda baiskeli. Kabisa. Maisha yake yote ubavuni mwa baiskeli na hajui kukaa juu yake. Siku ya Idi moja vijana walimkalisha kwa nguvu, amevaa kanzu nyeupe, wakamsukuma. Alianguka mbele ya msikiti, mbele ya wakwe zake, kanzu juu ya kichwa. Aliinuka akajipangusa, akasema, "Velo ni rafiki. Weye unamukalia rafiki yako?"

Cha pili: alikuwa Mwislamu asiyekosa sala, na zaidi ya nusu ya watu wake walikuwa Wakristo. Baiskeli iliyobebeshwa hailazwi chini, maana kuiinua ni kazi ya watu wazima wanne. Basi wakati wa sala Wakristo waliwashikia Waislamu baiskeli zao, wima, mpaka wamalize. Jumapili, wakikuta kanisa njiani, Waislamu walishika na Wakristo wakaingia. Haki kabisa, isipokuwa kwamba Kapita alijua muda wa sala yake na hakujua muda wa mahubiri. Katekista akirefusha, Kapita alikuwa anasogea dirishani na baiskeli mbili mikononi, anakohoa. Nasikia kuna kanisa moja upande wa Kabambare ambako mahubiri yamekuwa mafupi tangu enzi zake.

Cha tatu ni uongo wake. Aliwafukuza watu msafarani kwa kudanganya uzito wa mzigo, kwa sababu anayedanganya uzito anaua. Lakini yeye mwenyewe, akirudi na jeraha, alimwambia binti yake kwamba amepigwa na mbuzi. Bega limeteguka: mbuzi. Paji la uso limepasuka: mbuzi tena. Binti alikuwa anamkanda kwa maji ya moto huku anasema, "Maniema yote hakuna mbuzi mukali sawa huyu wa Papa."

Pikipiki zilipozidi nilidhani atazitukana. Alizipenda! Alisimama mezani kwangu, amesahau alichokuja kufanya, anatazama moja ikipita na watu watatu na mbuzi mmoja. "Angalia, mama! Inabeba na haiulize kitu!" Madereva wakaanza kumletea pikipiki zao awafumbie jicho moja, naye akafumba, akawaambia shingo ipi itakufa. Mvua ikinyesha, pikipiki zikazama matopeni hadi kiti, msafara wa baiskeli ulipita taratibu kando yake, na Kapita aliwakataza watu wake kucheka.

Lakini pikipiki ndizo zilizomaliza msafara wake. Wasukumaji walimwacha mmoja mmoja, wala si kwa ubaya. Huyu amepata pikipiki ya shemeji, huyu ameenda Salamabila kuchimba, huyu mgongo umekataa. Kila aliyeondoka alikuja kumuaga, naye alimwombea dua. Mwishowe akabaki kapita asiye na watu. Wenye mali wachache tu waliendelea kumpa bidhaa, zile zisizotakiwa kudondoka, mafuta na chupa. Alikwenda peke yake. Akisali, aliegemeza baiskeli kwenye mti na kuomba Mungu pamoja na mti. Na pale Mvunja-Uma, ukimlalia mzigo, hakuna wa kuuinua.

Nilipofika hapo katika kukumbuka kwangu, nikamwendea binti, nikamwambia ana haki. Sitamuuzia. Mtu anaweza kustaajabiwa na bado akazuiwa asife.

Haikufika huko. Kapita alirudi kutoka Kabambare goti limevimba mno, na safari hii hata mbuzi hakumtaja. Binti alimkanda, akamlaza, akaiingiza baiskeli kwenye ghala la mchele, akafunga kufuli. Ufunguo aliufunga fundo kwenye pembe ya kitenge chake. Akamwacha babake apone kitandani. Goti liliponywea, aliniita nije alasiri, tumwambie pamoja.

Nilimkuta Kapita uani mwa nyumba, kwenye kiti alichokalishwa na binti, miguu ameinyoosha, amevaa kofia yake ya sala. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomzoea.

"Mama wa vipuri," akasema, "wamekuita kunifunga ao kunifungua?"

 Binti ndiye aliyemjibu, na alisema vizuri, amepiga magoti mbele yake kama inavyopasa. Alimwambia kwamba hana baba mwingine. Alimwambia kwamba kila anapoondoka, yeye hali, na kwamba kila msukumaji anayeingia sokoni anamtazama usoni kwanza, kuona kama amekuja na habari ya msiba. "Nimechoka kungoja maiti yako, Papa," akasema. "Nisamehe kusema hivi. Nimechoka."

Nilijiandaa kwa ubishi. Kapita akamshika kichwa.

"Basi," akasema. "Nimesikia. Mulima nimeisha shuka ya kutosha. Simama, mutoto wangu. Nimeacha."

Ilikuwa rahisi hivyo. Tulitazamana mimi na binti, hatukuamini. Binti akaleta chai, tukanywa, tukaongea habari za mchele mpya. Nilipoaga, Kapita akashika mikono ya kiti ainuke anisindikize, maana mgeni haachwi aende peke yake.

Hapo ndipo nilipotambua kwamba katika miaka yote sikuwahi kumwona akitembea bila baiskeli. Hata sokoni alikuja nayo, hata msikitini. Alipiga hatua moja, mwili wote ukalala upande wa kulia, kule baiskeli inakokaa. Mkono wa kulia ulikuwa juu, umekunja vidole, umeshika fimbo isiyokuwepo. Hatua ya pili ikamtupa ukutani. Goti lilikwisha kupona, halikuwa goti. Mgongo wake, bega lake, nyonga yake, vyote vilikuwa vimeota kuizunguka ile baiskeli, na bila hiyo hakuna kilichojua mahali pake. Miaka yote nilidhani yeye ndiye anayeishikilia. Aliegemea ukuta akatabasamu, na sijawahi kuona tabasamu lenye aibu kama lile. "Nenda tu, mama," akaniambia. "Leo nitakusindikiza na macho."

Binti alikuwa ameshika birika la chai. Alilitua chini. Mikono yake ikaanza kufungua fundo la kitenge, na lilikuwa limekazwa, ikabidi atumie meno. Akaingia ghalani. Tulisikia kufuli, kisha yale magurudumu. Akaitoa baiskeli bila kitu juu yake, akaileta mpaka ukutani, akamwekea babake fimbo mkononi.

Kapita akainuka wima mbele ya macho yetu. Akaisukuma hatua mbili, ikamrukia-rukia.

"Tupu inaruka," akasema kwa sauti ya chini, kama anayeomba radhi.

Binti akarudi ghalani, akatoka na mfuko mdogo wa mchele wake wa kuuza. Akaufunga nyuma ya kiti. "Hii ni ya kwangu," akasema. "Utanipelekea ku soko kila asubuhi. Ku soko tu, Papa. Mulima, hapana."

Kapita akaukagua ule ufungaji. Akaufungua, akaufunga upya kwa namna yake. Akaitikisa baiskeli, akatega sikio.

"Uzito unatosha?" binti akamwuliza.

Babake akaitikisa tena.

"Ongeza kidogo," akasema.

Binti akaenda kuleta mfuko wa pili huku analia.